Marehemu Aliyesimama Kanisani

Bi Arletha Tarpley hupenda kusema kwamba gazeti la Mjumbe wa Tolliver lilisimama juu ya mikono yake miwili, na kwamba pasipo yeye watu weusi wa kaunti ile wasingejua hata siku ya kupiga kura. Ukimkazia macho kidogo huongeza, "Nilikuwa nalikunja." Aliyeliandika ni mumewe, Lucius. Aliyelala rumande mara mbili kwa ajili yake ni Lucius vilevile. Yeye alikunja. Lakini gazeti lisilokunjwa, husema, haliingii ndani ya sidiria, na siku zile hapakuwa na njia nyingine ya kulipitisha mbele ya polisi wa Alabama.

Kwa hiyo Denise Gaines alipokuja na kinasa sauti chake, Jumatatu moja ya mwezi wa nne, Bi Arletha alivaa herini na kukaa karibu na kile chombo kuliko mumewe.

"Mama, nimekuja kumrekodi Mzee Lucius," Denise akasema kwa adabu.

"Mrekodi tu, mwanangu. Mimi nipo hapa kumrekebisha."

Denise alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita tangu maandamano ya mwaka sitini na nne. Sasa baraza la kaunti lilikuwa na weusi wanne, na lilikuwa limekubali jiwe la kumbukumbu lisimamishwe mbele ya mahakama, palepale waandamanaji walipomwagiwa maji ya bomba la zimamoto. Majina saba yangechongwa. Mchongaji aliyataka Ijumaa asubuhi, na kamati ilikuwa ikutane Alhamisi kuyapitisha. Aliyebaki hai na kalamu yake, aliyewajua wote saba, ni Lucius Tarpley peke yake.

"Anza na babu yangu," Denise akasema. "Tummalize mapema, wasije wakasema nimempendelea mwishoni."

Lucius akacheka. Ana miaka sitini na tisa, mwembamba kama fito, na akianza kukumbuka huvua miwani, kana kwamba mambo ya zamani huonekana vizuri zaidi bila vioo.

"Cleophus Gaines," akasema. "Mwenye nyumba ya mazishi. Unajua kwa nini viongozi wetu walikuwa mzishi, kinyozi na msusi? Kwa sababu maiti mweusi hazikwi na mzungu, na nywele zetu wazungu hawazijui. Hao hawakuwa na bwana wa kuwafukuza kazi. Walimu waliogopa, wapishi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Basi Cleophus aliwachukua watu kwenda kujiandikisha kupiga kura ndani ya gari la maiti. Wamelala chali, wamejifunika shuka. Polisi wakiliona gari wanavua kofia."

"Mwambie habari ya chafya," Bi Arletha akasema.

"Siku moja marehemu mmoja akapiga chafya. Polisi amesimama dirishani. Cleophus hakupepesa. Akasema, 'Afande, huyu amekufa kwa homa ya mapafu, na bado inatoka.' Yule polisi alirudi nyuma hatua kumi."

Denise alicheka mpaka akafuta macho. Lucius akaendelea. Akamtaja Hosea Pettway, kinyozi, aliyefundisha watu maswali ya mtihani ambao weusi waliwekewa kabla ya kuandikishwa kupiga kura, huku wembe uko kooni mwao; ukikosea jibu, wembe unasimama kidogo. Duka lake lilichomwa wiki mbili baada ya jina lake kutoka gazetini. Akamtaja Madamu Izora Tate, aliyefanya mikutano saluni kwake, mashine za kukaushia nywele zikinguruma ili mpita njia asisikie kitu. Lucius alisimulia taratibu, na sebule ile yenye zulia lililochakaa ikajaa watu. Harufu ya wino ilirudi. Bi Arletha akajikuta anatazama vidole vyake, kama vile vingekuwa bado vyeusi kwenye kucha.

Wakati wote huo, mlangoni pa jikoni, alikaa dada yake Lucius, Novella, bakuli la kunde mapajani, anapukuchua. Ana miaka sabini na minne, hakuolewa. Alimpikia Jaji Whitlow miaka ishirini na sita, na tangu Jaji afe anaishi kwa mdogo wake.

"Sasa," Denise akasema, akigeuza ukurasa, "Bi Lottie Crenshaw. Yeye tunamweka juu kabisa. Na chini ya jina lake tunachonga yale maneno."

Kunde zikakoma kupukuchuliwa.

Yale maneno kila mtu Tolliver anayajua. Yako kwenye kalenda ya kanisa la Bethabara na kwenye pepeo za karatasi zinazogawiwa na nyumba ya mazishi. Siku moja kabla ya maandamano, viongozi walikutana kwa siri katika chumba cha chini ya kanisa, watu kumi na mmoja, milango imefungwa. Meya alikuwa ameleta barua ya vitisho, na Mchungaji Amos Stallworth akataka kuahirisha. Ndipo mama mmoja akasimama akasema: "Mchungaji, ahirisha kuku wako wa Jumapili ukipenda. Miguu yangu imeshaondoka zamani. Nimebaki mdomo tu, nikuage." Kesho yake watu mia nne walitembea. Lucius aliyaandika katika Mjumbe, na akaandika aliyeyasema ni Bi Lottie Crenshaw.

"Shida yangu," Denise akasema, "simpati. Sina siku aliyozaliwa, sina ndugu wa kuwakalisha viti vya mbele. Na watu wanamkumbuka! Shemasi Boone anasema alivaa kofia ya kijani. Dada yake anasema ya buluu, na kwamba alikaa naye bega kwa bega."

"Chumba kile kilikuwa na watu kumi na mmoja," Bi Arletha akasema. "Mwaka hadi mwaka wanaongezeka. Hivi sasa wamefika mia, na mlango bado umefungwa."

"Mzee Lucius, wewe ulimwandika. Alikuwa nani?"

Lucius akavaa miwani yake. Alitazama jikoni, akatazama mikono yake.

"Nitakujibu Alhamisi," akasema.

Huko mlangoni bakuli likaanguka, na kunde zikatawanyika mpaka chini ya kabati.

*

Denise alipoondoka, wazee watatu walipiga magoti kuokota kunde. Ni kazi inayofaa kwa ugomvi, kwa kuwa hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake.

"Utamwambia nini?" Novella akauliza.

"Kwamba Lottie Crenshaw alikufa mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tisa," Lucius akasema. "Kwamba kaburi lake liko nyuma ya Bethabara, karibu na ua, na mimi ndiye niliyelisoma nikaazima jina lake."

Ndivyo Mjumbe lilivyofanya kazi, na wasomaji wake wa siku zile walilijua hilo bila kuambiwa. Mwenye duka lake aliandikwa jina lake. Anayekula mkate wa mzungu aliandikwa jina la marehemu. Polisi walihangaika kaunti nzima kuwatafuta watu waliolala makaburini miaka arobaini. Lakini wasomaji wa siku zile walikuwa wamekufa, au wamehamia Detroit, na waliobaki na yale magazeti ni vijana wasomi, ambao huamini kila kilichochapwa.

"Mwambie hivyo, kisha?" Novella akasema. "Atakuuliza aliyesema ni nani."

"Sitajibu. Nilikupa neno langu, dada. Mwandishi akimtaja mtu aliyemwomba asimtaje, si mwandishi tena, ni mbea. Neno ni lako. Ukinifungua nitasema, usiponifungua nitanyamaza."

"Basi mwachie Lottie jiwe lake. Hajawahi kumkosea mtu."

"Novella, siwezi kutia sahihi uongo ukachongwa kwenye jiwe. Gazeti lilikuwa la wiki moja, tulifungia samaki. Jiwe halifungii samaki."

"Hukuona haya kuuchapa."

"Ulikuwa unaenda kufukuzwa kazi! Ulikuwa unatulisha!"

Bi Arletha, kichwa chini ya meza, alikuwa na la kusema, akalimeza. Siri hii aliipata kwa mumewe, mto kwa mto, na aliapishwa. Kati ya wale kumi na mmoja, wanane walikuwa wamezikwa. Hai walibaki Lucius, Novella na Mchungaji Stallworth. Mchungaji, kwa sababu zake mwenyewe, hakuwa na haraka ya kuwakumbusha watu siku ile.

*

Jumatano mawifi wawili walioka keki. Kanisa lilikuwa limemwomba Novella keki sita za siagi kwa ajili ya siku ya kuzindua jiwe, na ile barua ya maombi ilibandikwa ukutani: *Tumuenzi Mama Lottie.* Bi Arletha aliitazama, akamtazama wifi yake anavyopiga siagi kwa mwiko kama anaiadhibu.

"Wewe ni mtu wa kwanza ninayemjua," akasema, "anayeoka keki ya matanga yake, halafu anayeliliwa ni marehemu mwingine."

"Vunja mayai, Arletha."

"Navunja. Niambie tu unaogopa nini. Jaji amekufa."

"Bintiye yuko hai. Ananiletea paja la nguruwe kila Krismasi. Atakaa viti vya mbele."

"Paja la nguruwe! Miaka ishirini na sita, dola kumi na nne kwa wiki, unaingilia mlango wa nyuma, na kikombe chako kimetengwa chini ya sinki kama cha mbwa. Na wewe unalinda paja la nguruwe."

Novella akaacha mwiko. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Si paja. Asubuhi gazeti lilipotoka, Jaji aliniita mezani, watoto wake wanakula. Akaniuliza, 'Novella, ulikuwa kule kanisani?' Nikasema, 'Hapana bwana, nililala nyumbani naumwa jino.' Akaniamini. Akasema mbele yao, 'Mnaona? Wetu hana matatizo.' Wetu! Nikamwongezea kahawa. Wiki mbili baadaye nikasimama dirishani kwake, nikaona moshi wa duka la Hosea. Hosea alikuwa na jina, akalilipia. Izora alivunjwa mkono, alikuwa na jina. Mimi nilikuwa na kikombe chini ya sinki, na kazi yangu, na paja la kuku Jumapili. Jina hununuliwa, Arletha. Mimi sikununua. Siwezi kwenda kusimama juu ya Hosea kwenye jiwe bila kulipa."

Bi Arletha alivunja yai la saba, ingawa keki ilitaka sita.

"Na nani aliyetuletea habari za mezani kwa Jaji?" akauliza. "Nani aliyejua kila hati ya kukamatwa kabla haijakauka wino? Hosea alitoroka siku ile akiwa na watoto wake wote wanne, wala hawakuungua. Nani aliyemwambia atoroke?"

"Nilikuwa napita tu na sahani."

"Ndiyo. Ulikuwa unapita."

Novella akaugeukia mwiko wake. Wakaoka mpaka harufu ya vanila ikajaa nyumba. Kisha Bi Arletha akasema, kwa sauti ya mtu anayefikiria hali ya hewa, "Kesho nisaidie kubeba keki mbili kwenye kikao, kamati wazionje. Mgongo wangu hauko sawa."

"Mgongo wako ulikuwa sawa jana ulipokuwa unacheza na redio."

"Ndiyo maana hauko sawa leo."

Novella hakumwona akichukua simu baadaye. Na angemwona, angesikia tu wifi yake akimwalika Mchungaji Stallworth, kwa heshima zote, aje kuisimulia kamati jinsi alivyomkumbuka Mama Lottie. Mzee alikubali kabla swali halijaisha.

*

Kikao kilifanyika chini ya kanisa la Bethabara, mahali palepale. Meza zilikuwa za plastiki sasa, na mashine ya soda ilinguruma pembeni. Watu kama thelathini walikaa. Novella aliweka keki mezani, akaangalia mlango, lakini Bi Arletha alikuwa amekwishaweka kiti mbele ya wifi yake na kukikalia, njia ikazibika.

Lucius alisimama, akavua miwani.

"Sitachelewa," akasema. "Lottie Crenshaw hakusema yale maneno. Alikuwa amelala hapo nje tangu mwaka kumi na tisa. Niliazima jina lake ili kumficha aliyeyasema, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kupoteza. Aliniomba nisimtaje, na mpaka leo simtaji. Lakini msichonge uongo."

Watu waliguna. Shemasi Boone, wa kofia ya kijani, akaketi sawasawa.

"Unasema sikumwona mtu niliyemwona?"

"Nasema hukuwapo, Shemasi. Kaka yako ndiye aliyekuwapo, Mungu amrehemu."

Kijana mmoja wa baraza, mwenye tai, akasimama na nakala ya gazeti mkononi. "Mzee Tarpley, kwa heshima. Hiki ndicho chanzo chetu pekee. Kama jina hili ulilitunga, mengine je? Tutajuaje kwamba Pettway alifanya ulichoandika? Tutajuaje hata haya maneno hukuyatunga wewe?"

Lucius alisimama pale, mwanamume aliyewahi kupigwa rungu la kichwa kwa ajili ya ile karatasi, anaulizwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mkono wake ulitafuta mgongo wa kiti, ukakosa, ukatafuta tena. Bi Arletha alihisi Novella anapumua nyuma yake, kwa nguvu, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Hayo maneno yalisemwa," Lucius akasema. "Sina la kuongeza."

Denise akainua mkono kutuliza watu. Macho yake yalizunguka chumba, yakatua. "Bi Novella. Wewe ni dada yake, na mnaishi nyumba moja. Je, siku ile ulikuwapo hapa?"

"Mimi?" Novella akasema. "La. Nilikuwa kwa Jaji. Walikuwa na wageni. Nilikaanga kambare jioni nzima."

Bi Arletha akatazama dari. Jaji aliambiwa alikuwa nyumbani na jino. Kamati inaambiwa alikuwa kwa Jaji na kambare. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na kona pia.

"Basi Mchungaji," Denise akasema kwa kuchoka, "umebaki wewe."

Mchungaji Stallworth alisimama kwa msaada wa fimbo. Ana miaka themanini na moja, na sauti yake bado hutikisa vioo. Alimtazama Novella mara moja, haraka, akaona ameinamisha kichwa, akajiona yuko salama.

"Ndugu Lucius amezeeka," akasema kwa upole. "Sote tunazeeka. Lakini mimi namkumbuka yule mama, liwe jina lake Lottie au lisiwe. Barua ya Meya ilikuwa mkononi mwangu. Mimi nilikuwa imara."

"Ameni," mtu akasema.

"Lakini nilitaka kuwapima kondoo wangu, imani yao. Nikasema, je, tuahirishe? Ndipo yule mama akasimama, anatetemeka, maskini. Akasema maneno yake. Na alipokwisha kusema, nguvu zikamwishia. Akaanza kulia."

Kiti kikakwaruza sakafu. Bi Arletha hakugeuka.

"Akalia kama mtoto mchanga," Mchungaji akaendelea, akifumba macho, "naye akaniangukia hapa, begani. Akasema, 'Mchungaji, naogopa.' Nikatoa kitambaa changu mfukoni, nikamfuta machozi, nikamwambia, 'Binti, usiogope, nitatembea mbele yako—'"

"Nani alilia?"

Chumba kizima kikageuka. Novella alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika bega la wifi yake kwa nguvu hata vidole vikazama.

"Nani alilia, Amos Stallworth? Mimi nililia? Ulikuwa umekaa pale, kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo, kamasi zinakufika kidevuni! 'Watatuua, Novella, watatuua!' Kitambaa kilikuwa changu! Kilikuwa kimedariziwa na mama yangu, ulipengea humo, mpaka leo hujakirudisha! Na mbele hukutembea. Ulikuwa safu ya tisa, nilikuhesabu, kila nikigeuka nakuona unafunga kamba za viatu!"

Fimbo ya Mchungaji ikateleza kidogo kwenye vigae. Mashine ya soda ikanguruma, ikanyamaza. Lucius alikuwa amekwisha kuvaa miwani, naye alimtazama dada yake kama mtu anayesoma ukurasa wake wa kwanza ukitoka mtamboni, wino bado mbichi.

Denise alivuta karatasi ya majina karibu yake. Akapiga mstari juu ya jina la kwanza, polepole, kisha akainua kalamu.

"Bi Novella," akasema, "si ulikuwa kwa Jaji, unakaanga kambare jioni nzima?"

Novella akawatazama watu, mmoja mmoja. Akamtazama mdogo wake. Akakaa.

"Niliwakaanga mapema," akasema.